UZI: Sumukuvu kwenye mahindi, karanga na chakula cha mifugo – inapoingia na inapozuilika

mpima_nafaka

Wadau, mavuno yanaanza kanda ya kati na maswali ya sumukuvu yametapakaa kwenye nyuzi tofauti, kila mmoja na jibu lake. Tuyaweke hapa. Anayejua shamba aongelee shamba, wa ghala aongelee ghala, wa mifugo vivyo hivyo.

Naanza na yale yasiyo na ubishi.

Kuvu inayotusumbua zaidi ni Aspergillus flavus. Inakaa kwenye udongo na mabaki ya mazao, na hakuna namna ya kuimaliza shambani. Ikikuta punje iliyopata kiu, iliyotobolewa na mdudu au iliyopasuka, na kuna joto na unyevu, ndipo inapotengeneza aflatoksini, ile sumukuvu tunayoiongelea. Joto inalolipenda ni nyuzi 25 hadi 35, yaani hali ya hewa yetu ya kila siku. Kwa hiyo joto huwezi kulidhibiti. Ulivyo navyo mkononi ni viwili tu: unyevu na uzima wa punje.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya kula ni aflatoksini jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 peke yake isizidi 5. Maabara wataandika ppb (sehemu kwa bilioni), ni kipimo kilekile. Kumi kwa kilo maana yake ni gramu moja ndani ya tani 100. Ndiyo maana huioni, huinusi, huionji. Mahindi meupe safi yanaweza kuwa nayo, na yenye ukungu unaoonekana yanaweza kuwa na kuvu ya aina nyingine kabisa.

Haiondoki jikoni. Inahitaji joto linalopita nyuzi 230 ndipo ianze kuvunjika, na sufuria ya ugali inazungukia nyuzi 100. Kuloweka, kuchachua uji, kuchemsha makande usiku kucha: usitegemee.

Ikiingia nyingi kwa mpigo inaua: ini linashindwa kazi, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji. Makueni, Kitui na maeneo jirani mwaka 2004 waliugua watu 317, wakafa 125. Dodoma na Manyara mwaka 2016 walikufa watu karibu 20. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini B anakuwa hatarini mara nyingi zaidi.

Karibuni.

---

Shamba_Chemba

Mkuu, shukrani. Swali la moja kwa moja: unyevu unaotakiwa ni asilimia ngapi, na asiye na kipima unyevu afanyeje?

---

mpima_nafaka

Mahindi 13.5 kushuka chini. Karanga zilizomenywa 7, ikizidi sana 8, kwa sababu zina mafuta na unyevu wote unabanwa kwenye sehemu iliyobaki ya punje.

Bila kipima, kuna chupa na chumvi. Tafuta chupa ya kioo ya mililita 750 hivi, kavu kabisa, yenye kifuniko. Chumvi ianikwe au ipashwe kwenye kikaango hadi isigandamane, kisha iache ipoe. Tia vijiko viwili au vitatu vya chakula, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika mbili, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita 15. Isiponata, uko chini ya 15.

---

Dalali_wa_Haki

Hapo ongeza neno mkuu, maana watu wanaishia hapo na kufunga magunia. Chini ya 15 si sawa na 13.5. Chumvi inajua kusema "bado", haijui kusema "tayari". Isiponata, anika siku nyingine moja au mbili za jua kali ndipo ufunge. Na kipima unyevu cha kushika mkononi vikundi vinaweza kuchanga wakanunua kimoja. Kiwe kimewekwa kwenye zao husika: ukipima karanga kikiwa kwenye mahindi, namba inayotoka ni ya uongo. Usipime nafaka ikiwa bado ya moto kutoka juani.

Hii ya kung'ata punje kwa jino, tuwaachie waliokuwa wakipimia soko la mtaani.

---

Ghala_Kibaigwa

Kuhusu kukausha, watu wengi wanakosea mahali pale pale.

Usisubiri mahindi yakaukie shambani hadi yainamishe vichwa kwa mwezi. Yakikomaa, vuna. Kujua: pukuchua punje mbili tatu katikati ya gunzi, kwangua kile kitako chembamba kinachoshika gunzi. Ukiona doa jeusi, punje imeacha kupokea chakula kutoka kwenye mmea, na kila siku inayokaa pale ni ya wadudu kama fukusi na dumuzi, na mvua ya mwisho wa msimu. Wakati wa doa jeusi unyevu bado uko 30 na kitu; wengi huvuna ukiwa umeshuka kufikia 20 hadi 25. Menya maganda hukohuko shambani ukiweza, na magunzi yasiguse udongo. Udongo ndiko kuvu iliko.

Magunzi yakae kwenye kichanja chenye upepo. Baada ya kupukuchua, punje kwenye turubai, unene wa sentimita 3 hadi 5, siyo rundo. Geuza kila nusu saa hadi saa nzima. Anza umande ukishaisha, mnamo saa 3 asubuhi, kusanya kabla ya saa 11 jioni. Usiku yafunikwe ndani. Punje iliyokauka mchana hunywa unyevu wa usiku, na kesho unaanza upya. Kabla ya kufunga gunia iache nafaka ipoe. Ukifunga ya moto, mvuke unapanda juu, unagonga sehemu baridi ya gunia na kulowesha punje za juu. Ndiyo maana ukungu mara nyingi unaanzia mdomoni mwa gunia wakati katikati pako sawa.

Kupukuchua: kupiga magunzi kwa magongo ndani ya gunia kunapasua punje nyingi kuliko unavyodhani. Punje iliyopasuka ni mlango wazi. Mashine nayo ikizungushwa kasi kupita kiasi, au ikilishwa mahindi mabichi, inafanya kosa lilelile. Ukiona punje nyingi zimekatika, punguza mwendo, usibadilishe chekeche.

---

Dalali_wa_Haki

Nitasema kisichopendwa: mkulima hakaushi kwa sababu soko linamwadhibu akikausha. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 18, likishushwa hadi 13.5, linabaki kilo 94.8. Hesabu ni 82 gawanya kwa 86.5. Mnunuzi akilipa bei moja kwa kilo, bichi na kavu, aliyekausha amepoteza kilo tano na jasho lake juu.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Chukua mia, toa unyevu uliopimwa, gawanya kwa 86.5, zidisha kwa uzito wa mizani. Huo ndio uzito unaolipwa. Kituo cha ununuzi chenye kipima unyevu na kikokotoo cha simu kinaweza kufanya hivyo kwenye foleni. Wasiofanya hivyo wananunua maji, kisha wanashangaa mzigo kurudishwa mpakani. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hii hii ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti, cheti cha kipimo kikiwa mojawapo.

---

Ndune_Makueni

Jamani, mnaanzia nyumbani wakati shida huku kwetu Ukambani inaanza kabla hata ya kuvuna. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa ndevu, kuvu inaingia kupitia hizo ndevu. Unaweza kukausha vizuri ukafikisha 12 na bado maabara ikakupa 80. Kukausha kunazuia sumu mpya, hakutoi ya zamani.

---

bwanashamba_msaafu

Ndune yuko sahihi, na ndipo Aflasafe inapofaa. Ni punje za mtama zilizouawa kwa joto zisiote, zikapakwa mbegu za Aspergillus flavus zile zisizotoa sumu na kutiwa rangi ya buluu. Aina hizo zilichukuliwa kwenye udongo wa nchi husika, ndiyo maana Kenya kuna KE01 na Tanzania kuna TZ01 na TZ02. Kazi yake ni kuwahi nafasi: kuvu isiyo na sumu inatawala shamba na ile yenye sumu inakosa pa kushika.

Kipimo ni kilo 4 kwa ekari, kilo 10 kwa hekta. Wakati ni wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Ukichelewa hadi mbelewele zimejaa, umeshapitwa. Ukiwahi mno, mvua na majembe vinaimaliza. Kwa karanga wakati ni mwingine, soma kifungashio.

Mambo yanayoiharibu:

Kupalilia baada ya kurusha, maana unaifukia. Palilia na uweke mbolea ya kukuzia kwanza, kisha rusha, kisha shamba liachwe.

Udongo mkavu. Bila unyevu ile kuvu haichipui; inakaa juu hadi ndege na sisimizi waile. Subiri baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu bila kutuama maji. Ikikubali, baada ya siku mbili tatu chutama uangalie: punje za buluu zimegeuka kijani, kama zimevaa sufi. Hiyo ndiyo kazi inayoanza. Wengine wakiona ukungu huo wanaogopa na kudhani wameuziwa mbovu.

Tatu, kuipa sifa isiyo yake. Ikitumika sawasawa hupunguza aflatoksini kwa zaidi ya asilimia 80. Haigusi fumonisini, sumu nyingine ambayo inatoka kwenye kuvu ya Fusarium na ina kikomo chake, mikrogramu 2000 kwa kilo ya mahindi. Haikupi ruhusa ya kufunga mahindi mabichi pia.

Usipoipata, yanayosaidia ni yaleyale ya kumwondolea mmea kiu na wadudu: panda na mvua za kwanza, chagua mbegu inayokomaa kabla mvua haijakatika, dhibiti viwavi wanaotoboa gunzi, usibananishe miche.

---

Mama_Njugu

Karanga jamani msizisahau, zina mambo yake. Hatari kubwa ni ukame wa wiki tatu hadi sita za mwisho, mbegu zikiwa zinajaa udongo ukiwa wa moto. Ukingoja mvua irudi ndipo ung'oe, zinapasuka humohumo ardhini. Chimbua mashina machache, pasua maganda, tazama ukuta wa ndani: mengi yakiwa na madoa ya kahawia iliyokolea, ng'oa. Yakiwa meupe bado.

Ukishang'oa, kung'uta udongo, geuza mashina vichwa chini ili karanga zitazame juu zipate upepo. Usilundike.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: kulowesha maganda ili yamenyeke kwa urahisi. Mtu amekausha wiki mbili, halafu jioni moja ananyunyizia ndoo ya maji na kufunga gunia hadi asubuhi. Bora uziuze na maganda yake au ukodi mashine ya kumenya. Anayenunua karanga za kusaga, chukua zenye ganda ukamenye mwenyewe. Ile karanga ya kusagwa ya bei chee sokoni mara nyingi ndimo zinamoishia zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kwa sababu zikishasagwa hakuna anayeziona. Na humo ndimo unatoka unga wa lishe wa watoto. Karanga na mahindi ya unga huo zichambuliwe punje kwa punje kabla ya kukaangwa, maana kaango linaficha rangi.

---

Shamba_Chemba

Sasa kipimo. Tulipeleka kopo moja la mahindi ya kikundi, tukapata 3. Mnunuzi akapima yake, akapata 27. Nani mwongo?

---

mpima_nafaka

Inawezekana kabisa hakuna mwongo. Sumu haijatawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Ziko punje moja moja zilizojaa, na zilizobaki ni safi. Zimewahi kupimwa punje za mahindi zenye mikrogramu 400,000 kwa kilo. Piga hesabu: punje ina uzito wa gramu 0.3 hivi, kwa hiyo ndani yake kuna mikrogramu 120. Ichanganye na kilo 10 za mahindi safi kabisa, unapata 12 kwa kilo. Punje moja kati ya zaidi ya elfu 30 imeangusha kilo kumi nzima. Kopo lenu limeikosa, la mnunuzi limeiokota.

Ndiyo maana kuchukua sampuli ndio mtihani, mashine ni jambo la mwisho. Magunia hadi 10, toa kila gunia. Kuanzia 10 hadi 100, chagua 10 bila kuangalia sura. Zaidi ya 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi yao: magunia 400, toa 20. Ingiza bambo (kile chuma cha kuchomea gunia kutoa nafaka) juu, katikati na chini, si pale mdomoni tu. Kusanya angalau kilo 5, na zote zisagwe. Hapo ndipo watu wanapofupisha: wanachota gramu 200 za punje nzima wanasaga hizo. Saga kilo zote tano laini, ipite kwenye chekeche la tundu la milimita 0.85 hivi, changanya vizuri, ndipo uchote gramu za kupimia. Kinu kisafishwe kati ya sampuli na sampuli, la sivyo mzigo wa pili unabeba dhambi za wa kwanza.

Zile taa za zambarau zinazong'arisha punje kwa kijani-njano msizitegemee kupitisha mzigo. Zinachoonyesha ni dalili ya kuvu, siyo aflatoksini yenyewe.

---

Ndune_Makueni

Huku tunakula muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Kukoboa si kunapunguza?

---

mpima_nafaka

Kunapunguza, tena vizuri. Sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda la juu na kiini. Muthokoi, makande ya kukobolewa na sembe vinakuwa na kiasi kidogo kuliko dona ya mahindi hayohayo. Kuchambua kwanza kwa mkono, kutoa zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye rangi na zilizotobolewa, nako kunatoa sehemu kubwa. Fanyeni yote mawili.

---

Dkt_Ng'ombe

Na hapo ndipo mimi huwa nauliza: mlichokitoa mmekipeleka wapi?

Ganda na kiini ni pumba. Punje zilizochambuliwa zinaitwa "za kuku". Mahindi yakiwa na 20, sembe ikatoka na kiasi kidogo, pumba inayobaki ina zaidi ya 20, kwa sababu sumu imebaki na mzigo umepungua. Kisha inaingia kwenye mchanganyiko wa ng'ombe pamoja na mashudu ya alizeti na ya pamba, ambayo yana historia yake mwenyewe.

Ng'ombe akila B1, ini lake linaibadilisha kuwa aflatoksini ya aina ya M1 na kuitoa kwenye maziwa. Kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya alichokula kinafika kwenye maziwa. Kwa wanaokamuliwa sana inaweza kufika 6. Chukua ng'ombe wa lita 12 kwa siku, anakula kilo 6 za pumba na mashudu zenye mikrogramu 60 kwa kilo. Amekula 360. Asilimia 2 ni 7.2. Gawanya kwa lita 12, unapata 0.6 kwa lita. Kikomo cha kimataifa cha maziwa ni 0.5. Umevuka, na ng'ombe mwenyewe anakutazama mzima wa afya.

Rudia hesabu kwa chakula chenye 5 kwa kilo. Unapata 0.05. Ulaya wameweka hivyohivyo: 5 kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa, 0.05 kwenye maziwa.

Kuchemsha maziwa hakuondoi M1. Mtindi hauondoi. Jibini inaikusanya, maana M1 inashikamana na protini inayoganda. Jema moja: inatoka haraka. Inaonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja ya kula, na ukibadilisha chakula inashuka na kuisha ndani ya siku tatu nne. Kwa hiyo maziwa yakikataliwa kiwandani, usianze kumtibu ng'ombe. Simamisha chakula cha dukani chote, mpe majani na hei safi, kisha pima viungo kimoja kimoja.

---

Kuku_400

Daktari, kwa sisi wa kuku tunaambiwa tutie baida ya sumu (kile kitu cha kushika sumu ndani ya chakula), kilo moja kwa tani, mambo yamekwisha. Ni kweli?

---

Dkt_Ng'ombe

Nusu ni kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayouza mifuko.

Kinachofanya kazi vizuri kwa aflatoksini ni udongo wa bentonaiti. Una matabaka, aflatoksini ni bapa, inaingia katikati ya matabaka na kutoka na kinyesi bila kufika kwenye damu. Kiasi chenye maana ni kilo 2.5 hadi 5 kwa tani ya chakula. Ulaya wanaruhusu hadi 20, lakini si vizuri kufika huko. Kilo moja ya kitu usichojua kimetengenezwa na nini ni kujifariji.

Mipaka yake sasa. Haishiki fumonisini kwa kiasi cha kutegemea, wala zearalenoni inayovuruga uzazi wa nguruwe. Haishiki yote hata ya aflatoksini yenyewe: inapunguza, na chakula chenye 300 hakigeuki salama. Inaweza kushika dawa pia. Ukiwa unawapa kuku antibayotiki ya tailosini au dawa nyingine za kundi lake kwa mdomo, usichanganye na bentonaiti wakati huohuo. Robenidini, dawa ya koksidiosi, vivyo hivyo. Na udongo wa mfinyanzi wa kuchimba mlimani si bentonaiti. Unaweza kuwa na madini mazito, na Marekani udongo wa aina fulani uliotiwa kwenye chakula cha kuku ulikutwa na sumu ya dayoksini.

Baida itumike kwenye chakula ambacho tayari umejitahidi kikawa kizuri.

---

Kuku_400

Na dalili kwa kuku?

---

Dkt_Ng'ombe

Ini kubwa, lililopauka au la njano, linalovunjika kirahisi ukilishika. Mayai yanapungua, uzito hauendi. Ila nyingi ya hasara huioni kwenye ini: kinga inashuka, umechanja kideri na Gumboro kwa ratiba na bado wanaugua, lawama inakwenda kwa chanjo. Ini peke yake halithibitishi. Peleka chakula kupimwa.

Wanaofuga bata wawe makini kupita wote. Vifaranga wa bata na wa bata mzinga ni dhaifu sana kwa sumu hii, kuku anavumilia zaidi. Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na aflatoksini ikagunduliwa kwa kufuatilia vifo hivyo. Mchanganyiko wa kuku wa mayai usimpe bata kwa sababu tu umebaki. Punda na farasi wao adui yao ni fumonisini: inaharibu ubongo. Mahindi yenye ukungu wa waridi usimwekee punda.

---

kichanganyio_moro

Naongeza upande wa wanaochanganya chakula. Viungo vinaweza kuwa safi na sumu ikazaliwa kwenye kiwanda chako.

Magunia yasikae sakafuni. Chaga ya sentimita 15, na nafasi ya sentimita 50 kutoka ukutani ili uzunguke na upepo upite. Bati likivuja tone moja juu ya gunia moja, toa gunia lote. Ndani ya mashine ya kuchanganyia, kona za chini na kwenye parafujo hubaki masalia yaliyoganda, hasa ukitumia molasi; yakwangue kila wiki, maana kila mzigo mpya unapita juu yake. Mashudu yaliyofika ya moto kutoka kwenye kinu cha mafuta yatandazwe yapoe kabla ya kupangwa. Yakija na mabonge, vunja moja unuse katikati.

Kalisiamu propionati, kilo 1 hadi 3 kwa tani kulingana na unyevu, inazuia kuvu kuota kwenye chakula kilichochanganywa. Inazuia kuota tu. Sumu iliyokwisha kuwemo inabaki palepale, kwa hiyo ukiona msambazaji anajibu malalamiko ya aflatoksini kwa kuongeza propionati, badilisha msambazaji.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchanganya tani moja mbovu na tani kumi nzuri ili wastani ushuke, acheni. Mbali na sheria, rudini kwenye hesabu ya punje moja pale juu: wastani ni wa karatasi, gunia moja bado litakuwa na kiota.

---

Shamba_Chemba

Yaliyokwisha kukataliwa basi? Wengi huku wanawapa wapika pombe.

---

Ghala_Kibaigwa

Hapana. Kuchachusha hakuimalizi, sehemu inabaki kwenye pombe ya kunywa. Ikikenekwa, sumu haipandi na mvuke, inabaki kwenye machicha, na kwa kuwa wanga umeliwa na hamira, machicha yanakuwa na kiasi kama mara tatu ya mahindi yalivyokuwa. Machicha hayo yanauzwa kwa wafuga nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Umeizungusha ikarudi kwenye kikombe cha chai.

Viwandani upo utaratibu wa kutumia amonia kwa chakula cha mifugo, kwa shinikizo na vipimo. Si wa nyumbani. Kwa mkulima: ita ofisa kilimo, yateketezwe au yafukiwe shimoni mbali na kisima, na aliyebeba avae barakoa, kwa sababu vumbi lake nalo lina kuvu.

---

Mama_Njugu

La mwisho kutoka kwangu. Mifuko ya tabaka tatu, ya PICS, wengi wanaiita kinga njaa. Familia inafungua kila siku kuchota debe moja. Bado inafaa?

---

Ghala_Kibaigwa

Haifai hivyo. Mfuko unafanya kazi kwa wadudu na nafaka kumaliza hewa ya ndani; ukifungua kila siku unawapa hewa mpya. Tenga mfuko mmoja mdogo au pipa la matumizi ya wiki mbili, mingine isiguswe hadi zamu yake.

Kabla ya kujaza, puliza mfuko wa ndani, ubane mdomo, usikilize kama unavuja. Jaza kwa vipimo ukishindilia ili hewa isibaki pembeni, acha sentimita 30 za juu. Sokota tabaka la ndani, likunje, lifunge kwa kamba ya mpira. Kisha la pili peke yake. Kisha la nje. Ukiyafunga yote matatu kwa fundo moja, hewa inapita kwenye mikunjo. Weka juu ya chaga, mbali na panya. Na mahindi yawe 13.5 kabla hayajaingia: mfuko haukaushi. Ya 17 yakiingia humo yatatoka na harufu ya togwa, na hakuna wa kumdai.